Safari ya Mjini na Watoto: "Atalala Wapi Mchana?"

Kila mwaka shule zinapofungwa, Mombasa hupokea wageni wa bara kwa maelfu. Sisi wenyeji huwaona wakishuka na mabegi yao, baba mbele, mama nyuma na mtoto mgongoni, na wengine wawili wameshikana mikono huku macho yao yanaitafuta bahari. Huwauzia madafu, huwaonyesha njia ya Ngomeni, na jioni huwacheka kidogo kwa jinsi jua lilivyowababua. Lakini ni mara chache tukajiuliza safari ile ilianzia wapi, nani aliipanga, na imemgharimu nini yule mdogo aliyelala begani kwa babake, kinywa wazi.

Mimi nimeiona safari kama hiyo ikipangwa, tena mbali na bahari, huko Sosiot.

Sosiot ni mji mdogo wa biashara katika Belgut, kaunti ya Kericho, katikati ya nchi ya chai. Asubuhi huko ni baridi, na alasiri aghalabu ni mvua, pengine ya mawe. Mji wa Kericho wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akifika huko hutafuta sweta kabla hajatafuta chakula. Wakulima wadogo huchuma majani mabichi, wakayapeleka kituoni kupimwa, wakalipwa kidogo kila mwezi. Kisha hesabu za mwaka za kiwanda zikishafungwa, huja yale malipo makubwa ambayo watu wote huyaita bonasi. Bonasi ndiyo ilipayo karo, ndiyo inunuayo ng'ombe, ndiyo iezekayo nyumba. Na siku hizi, kwa wale waliojaliwa, ndiyo iwapelekayo watoto kuona jiji.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mwenye kijishamba cha chai nyuma ya nyumba yake. Ana watoto watatu: msichana wa miaka sita, mvulana wa mitatu, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu. Jioni moja, baada ya ugali na maziwa ya mursik yaliyotoka kibuyuni, alileta daftari akaniambia, "Mzee, wewe ni mtu wa Mombasa. Hebu nikaguliwe kazi yangu."

Nikaisoma. Siku nne. Basi la usiku kutoka Kericho hadi Nairobi, na kutoka hapo basi jingine moja kwa moja hadi Mombasa. Siku ya kwanza Fort Jesus na Mji wa Kale. Siku ya pili Bamburi asubuhi, Mama Ngina jioni. Siku ya tatu kuvuka Likoni na kwenda Diani. Siku ya nne Malindi na kurudi, kisha usiku huo huo basi la kwenda nyumbani. Pesa zilikuwa zimehesabiwa vizuri, hata za maji ya kunywa. Ilikuwa ni kazi ya mwalimu kweli.

Pembeni alikaa mama yake mzazi, ambaye watoto humwita kogo, yaani nyanya. Amempakata yule kitinda mimba na wala hakuwa akitutazama. Mwanawe alipomaliza kunieleza kwa Kiswahili akamweleza naye kwa Kikipsigis. Bibi yule akauliza swali moja tu, nami nikafasiriwa: "Na huyu, atalala wapi mchana?"

Wasomaji wangu, hapana aliyejibu. Daftari lilikuwa na kila kitu isipokuwa hicho. Na tangu hapo nimefikiri kwamba mtu anayetaka kuwapeleka watoto wadogo mjini, awe anatoka Sosiot, Lamu au Tanga, swali lake la kwanza ndilo lile la kogo. Mtu mzima hupanga safari kwa vitu atakavyoviona. Mtoto hana habari navyo. Yeye ana njaa yake, kiu yake, usingizi wake na haja zake, na hivyo vyote vina saa zake nyumbani. Ukizivunja zote kwa pamoja kwa siku nne, hutakuwa umempeleka mtoto mjini, bali utakuwa umemburura.

Sisi tuliosoma chuoni tumefundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisalisha watu, akisikia kilio cha mtoto huifupisha sala, kwa kumhurumia mama. Ikiwa ibada yenyewe hufupishwa kwa kilio cha mtoto, sembuse matembezi? Basi tuliketi, mwalimu, mkewe na mimi, tukaanza kulifupisha lile daftari.

Tulianza na njia. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 260, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu 480 nyingine. Hiyo ni zaidi ya kilomita 700 kwa mtoto ambaye dakika ishirini za kukaa kimya kwake ni muujiza. Mabasi ya usiku yana sifa ya kwamba watoto watalala. Lakini barabara za usiku ni hatari zaidi, na watu wa Kericho hawahitaji kuambiwa na mgeni. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori liliwavamia watu pale kando ya barabara na zaidi ya hamsini wakafa, na ilikuwa jioni tu, si usiku wa manane. Basi tukaandika: mchana, na kwa vituo. Siku ya kwanza hadi Nairobi, kulala kwa ndugu. Siku ya pili treni.

Treni hii ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, kwa wenye watoto ina faida moja kuu: mtoto anaweza kusimama, akatembea, akaenda chooni, akatazama ndovu wa Tsavo dirishani Mungu akipenda. Lakini lazima ijulikane kwamba stesheni zote mbili ziko nje ya mji, ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini. Anayefika Miritini usiku na watoto watatu na mizigo bado hajafika. Kwa hiyo afadhali treni ifikayo mchana, na mtu wa kuwapokea.

Hapo mke wa mwalimu akauliza swali la haki: "Kwani lazima iwe Mombasa?" Si lazima. Kisumu iko chini ya kilomita 100 kutoka kwao, na ina ziwa, na hifadhi ndogo ya swala kando ya maji ambayo mtoto huweza kuizunguka kwa miguu. Nakuru, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2021, iko upande wa pili kwa mwendo usiozidi sana huo, na mbuga yake ya ziwa imepakana na mji. Mwenye mtoto mchanga na bonasi nyembamba asione haya kwenda karibu. Mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti ya kilomita 80 na 700, isipokuwa kwa uchovu. Lakini msichana wa miaka sita alikuwa ameahidiwa bahari, na ahadi ya mtoto ni deni. Ikabaki Mombasa.

Tukaja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sosiot kuna mbu wachache kwa sababu ya baridi. Malaria katika nyanda za juu za Kericho si ya kila siku kama ilivyo pwani na kando ya Ziwa. Huko huja kwa mlipuko, na katika miaka ya 1990 mashamba makubwa ya chai yalipigwa na milipuko hiyo mwaka baada ya mwaka. Maana yake ni kwamba watu wa huko, wakubwa kwa wadogo, miili yao haijaizoea. Sisi huku tumekua nayo, na hata hivyo huua watoto wetu walio chini ya miaka mitano. Je, mtoto wa baridini akiumwa na mbu wa pwani?

Hatari kubwa iko baada ya safari. Vijidudu vya malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi, mara nyingi wiki mbili, kabla homa haijachomoza. Mtoto huumwa na mbu Mombasa, hurudi nyumbani akicheka, kisha siku ya kumi na mbili huchemka mwili. Huko kwao kuna baridi na mvua, kwa hiyo watu husema ni mafua, akafunikwa blanketi. Siku mbili hizo za blanketi ndizo zinazoua.

Basi tuliandika kwa herufi kubwa: kwanza, kabla ya kuondoka, watoto wapelekwe kliniki na daktari aulizwe kama kuna dawa ya kinga inayowafaa kwa umri na uzito wao. Pili, kila mtoto alale ndani ya chandarua, na familia ibebe chake, isitegemee cha mwenyeji. Tatu, jioni nguo za mikono mirefu. Nne, homa yoyote ikitokea safarini au ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo kupimwa damu, na la kwanza kumwambia mganga ni, "Tulikuwa pwani." Maneno mawili haya hayana gharama, na yanaweza kuokoa roho.

Baada ya hapo mengine yalikuwa mepesi. Malindi na Diani zilifutwa. Siku nne zikawa sita kwa pesa zile zile, kwani asiyekimbia huku na huku halipi nauli nyingi. Kila siku ikapewa jambo moja, la asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu, kabla jua halijakuwa kali. Kisha kurudi, kuoga, kula, na kulala. Swali la kogo likapata jibu lake: mtoto atalala chumbani, penye upepo, kutoka saa sita hadi saa tisa, kila siku bila kukosa. Alasiri ni kucheza tu pwani au kukaa barazani.

Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikabaki, kwa sababu ya mizinga. Mtoto wa miaka mitatu hana haja na Wareno, lakini mzinga anaupanda. Haller Park ya Bamburi ikabaki pia, kwa twiga, na kwa hadithi ambayo msichana atasimuliwa njiani: ya mtoto wa kiboko Owen, aliyeokolewa baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Na Likoni ikabaki bila Diani yake. Feri humvusha mwenda kwa miguu bure, na kwa mtoto wa milimani kwenda na kurudi juu ya maji ni karamu kamili, almuradi isiwe saa za watu kwenda na kutoka kazini, na mkono wake usiachwe hata kidogo.

Waliniuliza pia juu ya miezi. Nikawaambia Desemba ni kaskazi: bahari tulivu, lakini joto kali na watu wengi. Agosti ni kusi: bahari ina mawimbi na mwani, lakini hewa ni ya baridi kidogo, nayo humfaa zaidi mtoto aliyezoea Sosiot. Bonasi ilikuwa imewachagulia Desemba. Sawa, basi nguo nyepesi za pamba, maji yaliyochemshwa kila wakati, na leso mbili, kwani leso ni kivuli, ni shuka, ni mbeleko na ni taulo.

Sasa nawageukia ninyi wa nyumbani. Mgeni akija na watoto wadogo, tumezoea kumkirimu kwa wingi: biriani usiku wa manane, mabuyu, achari, kashata za njugu. Tuna moyo mzuri, lakini mbegu ya ubuyu na punje ya njugu humkaba mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na pilipili yetu si mchezo. Mpe uji na maziwa asubuhi, ndizi mbivu, wali mweupe, samaki uliyemtoa miiba kwa mkono wako. Dafu ni jema, lakini kwa kiasi, kwani tumbo lisilolizoea hulegea. Akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti kutoka duka la dawa, mara kwa mara, na asipopata nafuu apelekwe hospitali.

Na tusiwaharakishe. Tunapenda kumwonyesha mgeni mji mzima kwa siku moja, tukidhani ndiyo heshima. Huyu mwenye watoto heshima yake ni chumba chenye upepo, chandarua kisichotoboka, ndoo ya maji ya kuoga, na mlango utakaofungwa baada ya adhuhuri bila mtu kubisha. Mombasa imekaa hapa karne nyingi na haitaondoka kesho. Asichokiona mwaka huu atakiona akija na wanawe.