Lawama Haiponyi Ugonjwa

Ndoa ikikosa mtoto, mara nyingi lawama yote humwangukia mke. Huitwa tasa, hunyweshwa dawa za kila namna, na pengine hurudishwa kwao. Twaona yatupasa kusema wazi kwamba hiyo si haki.

Uko ugonjwa uitwao wa ovari zenye vifuko vingi, ulioelezwa mwaka 1935 na waganga wawili wa Chicago, Stein na Leventhal. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kuwa wanaugua. Dalili zake ni hedhi kukawia, chunusi, na ndevu kuota kidevuni.

Jina hilo lisitudanganye. Vifuko hivyo ni vya mayai yaliyokwama kabla ya kukomaa, wala ugonjwa hauishii katika ovari. Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huvimba na kuwa pekundu, maana mwili wajilinda. Lakini kwa wengi wa wagonjwa hawa, ulinzi huo huwaka polepole mwilini miaka na miaka pasipo jeraha lo lote, na damu ikipimwa alama zake huonekana. Moto huo huizuia insulini kufanya kazi yake sawasawa. Hapo mwili huongeza insulini, nayo ikizidi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na yai halikomai. Mafuta ya tumboni huukoleza moto huo. Hata hivyo, wanawake wembamba nao huugua. Wataalamu wangali wakichunguza lipi hutangulia, moto au homoni.

Basi jambo hili si la mtoto tu. Mgonjwa asiyetunzwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari. Lakini msaada upo: chakula bora, mazoezi, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na dawa za kusaidia yai kukomaa. Wengi waliokwisha kukata tamaa wamezaa.

Twawasihi waume wasiwapeleke wake zao hospitali kama washtakiwa, bali waende pamoja nao wakapimwe wote wawili, kwani kasoro yaweza kuwa kwa mume pia. Na mama wakwe wazizuie ndimi zao. Hakuna aliyepata kuponywa kwa kulaumiwa.