Alama Sabini za Mwisho

Mwanafunzi wa Marekani aliyepata 1480 kati ya 1600 kwenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, amekwisha kuwaacha nyuma karibu wenzake wote. Ila ndiye asiyelala, maana vyuo anavyovitaka vimejaa waombaji wenye 1550. Basi anajiandikisha kurudia.

Hapo takwimu haziko upande wake. Alama ya mtihani ni ujuzi ukichanganyika na bahati ya siku: mada zilizotoka, usingizi, kubahatisha kulikotiki. Aliyepata alama za juu sana, aghalabu bahati ilimbeba kidogo, na akirudia bahati haina deni naye. Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: watoto wa warefu mno walielekea kurudi kwenye wastani. College Board, shirika linalomiliki SAT, lenyewe linakubali kuwa alama ya kila somo inaweza kupanda au kushuka kwa takriban 30 bila ujuzi kubadilika. Kwa hiyo 1480 na 1510 zinaweza kuwa mtu yuleyule katika Jumamosi mbili tofauti.

Tuisheni je? Mtafiti Derek Briggs alipozipitia tafiti za miaka mingi, katika ripoti yake ya 2009, alikuta ongezeko la wastani wa alama 30 hivi kwa jumla. Matangazo huahidi zaidi, bila kusema ni kiasi gani kilitokana na mtu aliyeanza na siku mbaya.

Tangu Machi 2024, SAT nchini Marekani hufanywa kwa kompyuta, na kila somo lina awamu mbili. Ukifanya vizuri ya kwanza, kompyuta inakuletea ya pili iliyo ngumu zaidi; ukivurunda, unapewa nyepesi, na kilele cha alama unakiaga hapohapo. Hisabati ina maswali 44, manne kati ya hayo ni ya majaribio tu na hayahesabiwi (usijisumbue kuyatafuta, hayana dalili). Ukiwa juu kabisa, swali moja linaweza kukuondolea alama 10, 20 au zaidi.

Na mara nyingi swali hilo si gumu. Chukua hili: ikiwa 3x − 5 = 16, thamani ya 6x − 10 ni ngapi? Mwenye haraka anapata x = 7, anaiona 7 kwenye machaguo, anaibofya. Jibu ni 32, na wala hakukuwa na haja ya kuitafuta x: 6x − 10 ni 3x − 5 mara mbili. Mwanafunzi huyu hahitaji mada mpya. Anahitaji daftari la makosa yake, lenye sababu ya kila kosa: sikusoma swali hadi mwisho, nilisahau alama ya kutoa, sikuijua kanuni. Mimi naamini daftari hilo lina thamani kuliko pepa kumi zaidi za mazoezi.

Mazoezi nayo yachanganywe. Mwaka 2007, Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanachuo kukokotoa ujazo wa maumbo yasiyo ya kawaida. Waliofanya aina moja baada ya nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa, 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walianguka hadi 20, wa pili wakapata 63. Anayefululiza aina moja hajizoezi kuchagua kanuni, na mtihani hauandiki juu ya swali ni kanuni gani itumike.

Kuhusu kurudia, kuna jambo linalogeuza mahesabu ya Galton. Vyuo vingi huchukua alama bora ya Hisabati kutoka mtihani mmoja na bora ya Kusoma na Kuandika kutoka mwingine, vikazijumlisha. Mwenye 780 na 700 anaweza kuiacha Hisabati ipumzike, miezi yake yote akaitumia kwenye aya fupi na alama za uandishi. Hisabati ikishuka siku hiyo, 780 yake bado ipo. Ila aulize kwanza: vipo vyuo vinavyotaka kuona alama zote.