François, mtoto asiye na kwao

Kwa akina Joigny, familia ya walezi, hakuna mateso. Chakula kipo, kitanda kipo, hata binti wa rika la kucheza naye yupo. Lakini François, mvulana wa miaka 10 aliyepelekwa pale na idara ya ustawi wa watoto ya Ufaransa, anamdondosha paka kutoka juu ya ngazi, kisha anahangaika kumuuguza. Walezi wanachoka, wanaomba achukuliwe. Siku ya kuondoka, mtoto yuleyule anamwachia mama mlezi zawadi.

Hiyo ndiyo L'Enfance nue ya mwaka 1968, filamu ndefu ya kwanza ya Maurice Pialat, aliyekuwa ameanza maisha kama mchoraji. François Truffaut, ambaye filamu yake ya mwaka 1959, Les Quatre Cents Coups, kuhusu mvulana aliyepuuzwa na wazazi ilipata sifa dunia nzima, alisaidia kuigharamia. Ya Pialat ilipata tuzo ya Jean Vigo mwaka 1969, lakini watazamaji hawakuja. Naona sababu ni moja: Pialat hatuombi tumwonee huruma mtoto huyu. Anatuonyesha akiiba, akiharibu vitu, akinyamaza, na anatuachia sisi kazi ya kumpenda.

Nyumba ya pili, anakopelekwa François baada ya akina Joigny, ndiyo moyo wa filamu. Walezi wa humo, Mzee Thierry na mkewe, si waigizaji. Ni wenyeji wa eneo la migodi ya makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa, waliokuwa wakilea watoto wa namna hii katika maisha yao halisi, na mazungumzo yao mezani yana uzito ambao mwigizaji hodari angehangaika kuupata. Humo yumo pia bibi kikongwe ambaye François anazoeana naye kuliko mtu mwingine yeyote. Bibi anafariki. Baadaye François, akiwa na wenzake, anarushia magari vyuma, ajali inatokea, naye anahamishwa tena.

Upweke wa François haukutokana na kukosa watu. Amezungukwa na watu wema, ila kila mlango aliofunguliwa ameshaona unavyofungwa, kwa hiyo anautikisa mapema ajue kama utahimili.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kupokea mtoto wa malezi ya kambo, nawe ofisa ustawi wa jamii unayesimamia kazi hiyo, itafuteni filamu hii muitazame kabla hamjaamua kumhamisha mtoto kwa mara nyingine.