Kitunguu saumu hakiponyi madoa meupe

Wafugaji wa samaki wa baharini huniuliza swali hili kuliko lolote: nisage punje ngapi za kitunguu saumu kwenye chakula ili madoa meupe yatoke? Sage tatu, yatatoka. Sage kumi, yatatoka. Usisage hata moja, yatatoka vilevile. Kisha yatarudi, tena mengi zaidi, na safari hiyo huenda samaki wasiwe na nguvu hata ya kula hicho chakula chenye kitunguu.

Ugonjwa huu huletwa na Cryptocaryon irritans, kimelea cha seli moja. Kile kitone unachokiona kama chembe ya chumvi ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi laini ya juu, kikila tishu za samaki. Kinakaa hapo siku 3 hadi 7 tu. Kikishiba kinajing'oa chenyewe, kinashuka hadi kwenye mchanga au mawe, kinajifungia ndani ya ganda gumu na kuanza kugawanyika. Ganda moja linaweza kutoa vimelea vichanga zaidi ya 200. Hutoka zaidi gizani, kabla ya mapambazuko, samaki wakiwa wamelala karibu na sakafu ya tangi. Kichanga kisipopata samaki ndani ya siku moja au mbili kinakufa. Baharini vingi hupotea hivyo hivyo. Kwenye tangi la lita 300 samaki hana pa kukimbilia.

Sasa angalia jinsi kitunguu kinavyojipatia sifa. Mwenye tangi anaona madoa Jumatatu. Jumanne anasaga, analoweka chakula, nyumba nzima inanuka. Ijumaa samaki ni msafi, na habari njema zinapelekwa kwa kila mwenye tangi. Kilichotokea ni kwamba kimelea kimemaliza kula na kuondoka kwa ratiba yake. Wiki mbili baadaye samaki wanajisugua kwenye mawe, mwenye tangi anaambiwa aongeze punje, madoa yanatoka tena, imani inazidi. Katika mzunguko wa tatu wanakufa, na hapo anaambiwa kwamba alichelewa kuanza. Dawa inayosifiwa samaki akipona na isiyolaumiwa akifa haijapimwa na mtu yeyote.

Wapo wanaoniletea utafiti, na hao nawaheshimu zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Australia waliwalisha samaki aina ya Lates calcarifer chakula chenye kitunguu saumu, kisha wakawaambukiza minyoo bapa. Waliolishwa siku 30 kabla ya kuambukizwa walipata minyoo wachache kwa kiasi kikubwa. Waliolishwa siku 10 hawakuonyesha tofauti ya maana. Someni vizuri basi. Ule ulikuwa mnyoo, si kimelea hiki. Ilikuwa kinga iliyoanza mwezi mzima mapema, wala si tiba ya samaki ambaye tayari ana madoa. Kumchukua samaki anayehema juujuu na kumpa kitunguu kwa sababu ya utafiti huo ni kumnyima siku chache alizobaki nazo za kutibiwa.

Madoa yenyewe pia yanawadanganya watu. Kimelea hushambulia matamvua, mahali usipopaona. Samaki anaweza kuwa na ngozi safi huku akisimama mbele ya mkondo wa pampu, mdomo wazi, akipumua kwa haraka. Huyo ni mgonjwa kuliko jirani yake mwenye vitone kumi mkiani. Wanaofuga kangaja wa buluu, yule mzuri mwenye pezi la njano mgongoni anayevuliwa kwenye miamba yetu ya Bahari ya Hindi, wajue kwamba yeye ni miongoni mwa wanaougua upesi zaidi.

Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, naye hasaidii: kimelea kiko chini ya ngozi, hakifikii. Kubadilisha maji kwa madumu ya maji ya bahari hakuponyi. Na dawa ya chupa inayodaiwa kuua kimelea bila kugusa kamba wala matumbawe, mimi sijaiona ikifanya kazi.

Kinachofanya kazi ni hiki. Toa samaki wote, hata wanaoonekana wazima, uwaweke kwenye tangi la matibabu lisilo na mchanga wala mawe, lenye hita, hewa ya kutosha na vipande vya bomba vya kujifichia. Kisha chagua. Shaba: kwa salfati ya shaba, miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ipandishwe taratibu, ipimwe kila siku, ishikiliwe wiki 3 hadi 4. Shaba za chupa zilizofungamanishwa zina kiwango chao, fuata lebo. Usiitie kamwe kwenye tangi kuu, itaua kamba na konokono, na mawe yataifyonza. Papa na taa wasipewe. Au punguza chumvi hadi uzito mahususi wa 1.009 ndani ya siku mbili, kisha kaa hapo wiki 4 au zaidi, upime kwa refraktomita iliyosawazishwa. Lakini zipo aina za kimelea hiki zinazostahimili. Au wahamishe samaki kwenye chombo kingine safi na kikavu kabla saa 72 hazijatimia, mara nne mfululizo, ili wayakimbie maganda kabla hayajapasuka. Ukiona vumbi laini la dhahabu badala ya vitone, na samaki wanakufa kwa siku chache, hicho ni kimelea kingine, Amyloodinium: nenda kwenye shaba moja kwa moja, kupunguza chumvi hakukitishi.

Tangi kuu likae bila samaki hata mmoja siku 76, kwa kuwa maabarani maganda yamewahi kupasuka hata siku ya 72. Matumbawe, kamba na konokono wabaki humo. Kimelea hakiwezi kuishi kwao. Baada ya hapo kila samaki mpya apitie tangi la pembeni wiki 4 hadi 6, na mawe au matumbawe mapya yatengwe kwenye chombo kisicho na samaki kwa siku 76 zilezile, kwa sababu ganda husafiri likiwa limeganda juu yake.