Fahamu: FLAG ni bendi gani, na kwa nini inapiga nyimbo za Black Flag?

FLAG ilianza mwaka 2013 ili kupiga upya nyimbo za Black Flag, kundi la panki la California, Marekani. Anayeimba ni Keith Morris, yule yule aliyekuwa mwimbaji wa kwanza wa Black Flag. Yumo pia mpiga besi Chuck Dukowski, naye mkongwe wa kundi hilo.

Nyimbo zenyewe zilitoka wapi?

Mpiga gitaa Greg Ginn aliianzisha Black Flag mwaka 1976, Hermosa Beach. Morris aliondoka 1979, akaunda bendi ya Circle Jerks na kurekodi tena "Wasted", wimbo wa Black Flag ambao hata dakika moja haufiki. Wapenzi wa muziki wa dansi wanaijua hali hii: mwimbaji akihama, nyimbo humfuata.

Ugomvi kati ya Ginn na FLAG ulikuwa wa nini?

Jina na nembo, si muziki. Ginn, aliyeifufua Black Flag mwaka huo huo wa 2013, alifungua kesi. Nembo iliyogombewa, mistari minne myeusi, ilichorwa na ndugu yake mwenyewe, Raymond Pettibon. Mahakama ilikataa kuizuia FLAG, nayo bendi ikaendelea kupanda jukwaani.