Hati Zimerudi, Wasomaji Wako Wapi?

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa mfanyabiashara. Naona yafaa waambiwe pia walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwani lugha nayo ni mali, na hapa Mvita mali hiyo imewahi kuponea chupuchupu.

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji. Malenga huyo alifariki mwaka 1840, miaka mitatu baada ya Seyyid Said kuuangusha utawala wa Wamazrui. Tungo zake zilibaki zaidi vifuani mwa watu kuliko vitabuni. Katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizikusanya na kuziandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyeandika maelezo kando yake. Mwalimu aliiaga dunia mwaka 1890. Lau kazi hiyo ingaliahirishwa kwa kizazi kimoja tu, leo tungekuwa na jina la Muyaka pasipo tungo zake.

Hata hivyo, hati hizo hazikubaki nyumbani. Zilihifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa diwani kwa herufi za Kirumi huko Johannesburg. Tungo zilizoghaniwa Mombasa zikawa zimehifadhiwa Ulaya na kupigwa chapa kusini mwa Afrika. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya uhifadhi: mkusanyaji huja, huchukua, huondoka.

Desturi hiyo imebadilika. SOAS imeweka kwenye intaneti picha za hati zake za Kiswahili, na mwanafunzi wa Kibokoni aweza kuzitazama bila ya kupanda ndege. Aidha, mhifadhi wa leo aweza kuingia katika nyumba ya Mji wa Kale, akapiga picha wasia, hati ya ndoa au barua ya babu, kisha akaiacha karatasi yenyewe mikononi mwa wenyewe. Haya ni maendeleo makubwa, na ni haki.

Lakini je, picha ya hati ni sawa na hati iliyosomwa? Nikiwa mwanaisimu, najibu: hata kidogo. Katika hati nyingi za kale, herufi moja ya Kiarabu hubeba sauti mbili za Kiswahili. Neno "pata" laweza kuandikwa sawasawa na "bata", na "vua" sawasawa na "fua". Anayejua kuisoma Kurani asidhani kwamba atazisoma hati hizi papo hapo, kwani msomaji sharti aijue lugha, lahaja na muktadha ndipo achague sauti iliyokusudiwa. Na anayezihamisha kwa herufi zetu za Kirumi hukosa jambo jingine. Kimvita hutofautisha "t" ya meno na "t" ya ufizi, ilhali tahajia ya shuleni huzipa zote mbili herufi moja.

Kuna na fumbo lenyewe. Tungo za Muyaka zimejaa vijembe vya siasa za zama zake, na maelezo ya Taylor yana thamani kwa sababu palikuwa na Mwalimu Sikujua wa kumfafanulia. Picha elfu zisizo na jina la mwandishi, mahali, wala maana ya istilahi zake, ni sanduku lililofungwa ambalo ufunguo wake umezikwa pamoja na wazee.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Idara zetu za Kiswahili na zifundishe usomaji wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama somo kamili, wala si kama kionjo cha mhadhara mmoja katika historia ya lugha. Mwalimu wa sekondari naye awatume wanafunzi wakaketi na wazee, kwa idhini ya familia, waandike nani aliandika, lini, na neno gani halisikiki tena. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Mwalimu Sikujua aliifanya kwa kalamu, wino na sikio lililotulia, na wazee wanaoweza kutufafanulia yaliyosalia hawatatungoja.