Karafuu Yetu Mezani kwa Wachina wa London

Kila msimu unapofunguliwa, wanachama hutuuliza swali moja: karafuu zikishapimwa, zikatiwa maguniani na kupakiwa melini, huishia wapi? Jawabu tuliyozoea kuitoa ni ya kweli lakini kavu. Nyingi katika karafuu za dunia huchomwa ndani ya sigara za Indonesia, nyengine hukamuliwa mafuta, na sehemu iliyobaki huingia jikoni. Jiko lenyewe ni la nani, na karafuu hufanywa nini humo, hatukuwahi kueleza. Safari hii tumelikuta jiko moja, nasi tungependa kuwasimulia tuliyoyaona.

Tulikuwa London kwa harusi ya jamaa. Mwenyeji wetu alikuwa kijana wa Wete, mtoto wa mwanachama mwenzetu, ambaye sasa huendesha basi katika mji huo. Jumapili asubuhi alitujia, akatuamkia, kisha akasema, "Ami, chai usinywe. Leo nakupeleka kwa Wachina." Tukamwambia kuwa tumbo letu halikuzoea vyakula vya kubahatisha. Akacheka, akasema twende tu, kwani huko pua itatangulia kufika kabla ya macho. Tulikuwa na kifuko cha karafuu za Pemba tulichochukua kwa ajili ya zawadi. Tukatia konzi moja katika mfuko wa koti, bila ya kujua itatufaa nini, tukatoka.

Mtaa wa Wachina wa London si mkubwa. Ukitoka kituo cha Leicester Square, cha treni za chini ya ardhi, unakwenda hatua chache tu na umefika. Barabara yake kubwa ni Gerrard Street, ambayo ni ya waendao kwa miguu, na sambamba nayo ni Lisle Street. Juu kumetundikwa taa nyekundu za mviringo, na upande wa Wardour Street limesimama lango kubwa la nakshi na rangi lililomalizwa mwaka 2016. Mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe ataumaliza mtaa wote kabla jua halijahama upande.

Kilichotusimamisha sisi ni madirisha. Katika kila mkahawa wa pili au wa tatu wametundikwa mabata wa kuoka, wekundu kama mbao ya mninga iliyopigwa vanishi, wakitona mafuta. Kijana wetu alikwisha kuuliza zamani namna wanavyopikwa, akatueleza. Bata husafishwa, tumboni hutiwa chumvi, sukari, rojo ya soya na unga wa viungo vitano, kisha hushonwa. Hupulizwa upepo kati ya ngozi na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa siki na sukari nzito, halafu hutundikwa mpaka ngozi ikauke kama karatasi. Hapo ndipo huingia tanurini.

Tukamuuliza hivyo viungo vitano ni vipi. Akahesabu kwa vidole: kile kiungo chenye umbo la nyota ya pembe nane, mdalasini, shamari, pilipili ya Sichuan (ambayo haiwashi kama yetu, bali hutia ganzi ulimi), na cha tano, akatugonga mfukoni, "hiyo hiyo uliyonayo, ami."

Basi karafuu tumeiona, lakini imo ndani ya bata, na bata hatuwezi kumla. Hapana mwanachama atakayetuuliza sababu. Hakuchinjwa kwa namna yetu, tena ametundikwa bega kwa bega na mbavu za nguruwe. Tulisimama pale dirishani kama mtoto aliyefunga mbele ya duka la halua.

Mkahawa tulioingia ulikuwa wa ghorofa mbili, na kelele zake ni za sokoni. Wachina wa upande wa Canton Jumapili huja na ukoo mzima, kuanzia bibi mpaka mtoto wa kubebwa, na huagiza vyakula vidogo vidogo vya mvuke katika vikapu vya mianzi, wakivishushia na chai. Meza ni ya duara, na katikati yake pana sahani kubwa ya kuzunguka. Kila chakula huwekwa hapo, nawe unaizungusha na kuchota. Hatukuona ajabu kubwa. Sisi nasi hulizunguka sinia. Tofauti ni kuwa kwetu sinia limetulia na mikono ndiyo inayokwenda. Jambo moja lilitupendeza sana: mtu akimiminiwa chai hasemi ahsante, bali hugonga meza kwa vidole viwili, basi imetosha, mazungumzo hayakatiki.

Mtumishi alipokuja, swali letu la kwanza lilikuwa la nguruwe. Tulitazamia kuwa atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. Alichukua orodha ya vyakula na kalamu, akaanza kufuta. Akafuta maandazi ya nyama. Akafuta keki ya figili, kwa kuwa imetiwa soseji. Akafuta hata vile vitumbua vyeupe vya kamba, ambavyo unga wake ni mwembamba hadi kamba huonekana ndani, akisema kuwa kamba huchanganywa na shahamu kidogo ya nguruwe ili walainike. Hapo roho ilituuma kweli, maana meza ya jirani walikuwa wanavyo, na kila kimoja kimefinywa mikunjo midogo midogo kama ukili uliosukwa na bibi wa Makunduchi. Alipomaliza kufuta tukaona kuwa kilichobaki kinatosha: samaki, ngisi, mboga za majani na wali. Tukaomba samaki asitiwe mvinyo wa mchele, na karai ioshwe kwanza. Wapo wenzetu watakaosema tungalikaa nyumbani tukala mkate na mayai. Huenda wana haki. Sisi tulikula kile tulichohakikishiwa, na Mungu ndiye ajuaye.

Samaki alikuja mzima, kichwa na mkia. Alikuwa amepikwa kwa mvuke kiasi cha dakika 10 tu, akafunikwa tangawizi na majani ya vitunguu yaliyokatwa kama nyuzi, kisha mafuta ya moto yakamiminwa juu yake na mchuzi wa soya ukafuatia. Tuliyazoea mapishi ya nazi ambayo samaki hukaa motoni mpaka nazi imwingie, tukadhani huyu ni mbichi. Si mbichi. Nyama ilitoka kwenye mwiba kwa vipande vyeupe vilivyonyooka, na utamu wake ni wa samaki mwenyewe, haukuazimwa popote. Vijiti vya kulia vilitushinda; tuliomba kijiko, na hatukuona haya.

Ngisi ndiye aliyetutoa jasho. Alikatwa vipande, akapitishwa katika unga, akakaangwa upesi katika karai juu ya moto unaonguruma kama mashine ya kukobolea mpunga, kisha akarushwarushwa pamoja na kitunguu thomu, pilipili mbichi na chumvi iliyokaangwa na vile viungo vitano. Tulipotia kipande cha kwanza kinywani tuliisikia. Haikuja mbele, ilikuja nyuma, baada ya chumvi na baada ya pilipili, ukali mwembamba na joto puani, harufu ya majamvi siku ya jua kali mwezi wa Oktoba. Kijana wetu alinyamaza. Mwishowe akasema, "Uwanja wa baba huo." Miaka sita hajafika kwao.

Mtu atauliza ni karafuu kiasi gani iliyoingia katika sahani ile. Ni chembe tu. Katika chungu kizima cha mchuzi mweusi wanaochemshia nyama, wao hutia punje mbili au tatu, kwani zikizidi chungu hunuka dawa ya meno. Nasi kilo moja tuliyoichuma tukining'inia juu ya tawi ina maelfu ya punje. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kuwa bei yetu itapanda kwa sababu watu wanakula zaidi. Jiko linaipenda karafuu, lakini linaila kidogo kidogo. Wala mapenzi hayo si ya jana. Katika enzi ya Han, miaka 2000 hivi iliyopita, maofisa waliokwenda kusema mbele ya mfalme walitakiwa waweke karafuu kinywani ili pumzi zao zinukie. Siku zile mikarafuu ilikuwa katika visiwa vya Maluku tu, na kwetu haikufika mpaka karne ya 19.

Wakati wa kulipa tulimkuta kwenye sanduku la fedha mzee wa miaka 80 na zaidi, baba wa mwenye mkahawa. Kijana wetu anafahamiana naye, akamwambia kuwa ami yake ni mkulima. Mzee aliinua uso. "Mkulima wa nini?" Tukamjibu. Akavuta kiti, akatuagizia birika jengine la chai.

Yeye mwenyewe alizaliwa katika mashamba ya mpunga ya New Territories, yaani vijiji vya upande wa bara wa Hong Kong. Khabari za vijiji vile zinajulikana. Kimoja chao, San Tin, cha ukoo wa Man, kiliandikiwa kitabu mwaka 1975 na mtaalamu James L. Watson. Watu wa San Tin walilima mpunga mwekundu katika mabonde yaliyo karibu na bahari, ambamo maji yake yana chumvi. Katika miaka ya 1950 mchele wa bei ndogo kutoka Thailand uliingia kwa wingi, na mpunga wao ukakosa mnunuzi. Majirani zao wenye maji matamu waligeukia mboga za kuuza mjini. Wao hawakuweza, kwa kuwa mboga haistahimili chumvi. Wanachama wa Pemba ambao mabonde yao yameingiliwa na bahari hawahitaji kuelezwa zaidi.

Basi wakaondoka. London ilikuwa na Wachina tangu karne ya 19, mabaharia waliokaa Limehouse karibu na gati, lakini mtaa ule uliharibiwa na mabomu ya vita vilivyoanza mwaka 1939, na kazi za meli zikapungua. Gerrard Street wakati huo ilikuwa na sifa mbaya na kodi nafuu. Waingereza, baadhi yao askari waliorudi kutoka Mashariki, walianza kupenda vyakula vya Kichina, na mikahawa ilihitaji mikono. Mmoja akifika, humwita ndugu yake. Ukoo ukamkopesha nauli, naye akalipa kwa kuosha sahani. Sheria ya mwaka 1962 ilipoanza kutaka kibali cha kazi, njia ya ukoo ndiyo iliyobaki wazi, kwa kuwa mwenye mkahawa aliweza kumwombea kibali mtu wa kijijini kwake. Mzee wetu alikuja mwaka 1961. Alituambia kuwa mpaka siku ile hakuwahi kupika hata yai, kazi hiyo kwao ilikuwa ya mama.

Tulimuuliza kama shamba liko. Alisema liko, lina majani.

Hapo ndipo tulipoikumbuka konzi yetu, tukaimwaga juu ya kitambaa cha meza. Mzee aliziita kwa jina lao la Kichina, ambalo maana yake ni manukato ya msumari, na kweli ndivyo zilivyo. Alichukua moja, akaibinya kwa ukucha karibu na kichwa, akanusa mafuta yaliyotoka. Akaomba bilauri ya maji, akaidondosha. Karafuu iliyochacha au iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Hii ilisimama wima, kichwa juu. Akatia ya pili, nayo ikasimama. Akamwita mtoto wake kutoka jikoni aje aone, wakasemezana kwa lugha yao, na sisi tukakaa tukijivuna kama tuliozipanda sote peke yetu.

Kisha akaanza kuzichambua kwa ncha ya vijiti, upesi kuliko mwanamke yeyote wa kwetu katika dakawani. Katikati ya rundo akasimama. Aliinua konyo moja, refu, limekauka vizuri, akalitazama kwenye taa.

"Hili nalo hupimwa pamoja?" aliuliza.

Tulimwambia kuwa sheria za chama hazikubali, kwamba makonyo huuzwa mbali na kwa bei yao, na kwamba hilo limepita kwa bahati mbaya. Kijana wetu alitafsiri kwa Kiingereza taratibu sana, akiangalia chini. Mzee alitikisa kichwa kwa adabu. Hakusema neno. Akaliweka konyo ukingoni mwa kisahani, akazikusanya karafuu nyengine katika kikombe cha chai, akakifunika kwa kiganja na kumpa mwanawe.

Hesabu ilipokuja, chai zote mbili zilikuwa zimefutwa, na samaki ametozwa nusu. Tulipoinuka kuaga, mtumishi alikuwa anaondoa vyombo, lakini kile kisahani alikiacha.